Nimebadili jina la klasi kwa "tafuta na badilisha", viambatisho vya maombi vimetoweka kwenye skrini. Tuelekezane namna salama

#1 msukakodi

Wakuu, habari za leo.

Naandika nikiwa sijalala vizuri siku ya pili sasa. Natunza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo (jina naliacha). Nimeuandika kwa Laravel (kiunzi cha lugha ya PHP), natengenezea kwenye laptopu ya Windows yenye XAMPP (seva ya kutengenezea), kisha napandisha kwenye seva ya Linux. Tangu mwanzo nilikuwa na klasi (kipande cha kodi kinachoeleza aina moja ya kitu) inayoitwa `Mkopo`. Kasoro ni kwamba ndani yake nilikuwa nahifadhi maombi, siyo mikopo. Mtu anajaza fomu, anataja wadhamini, anaambatisha picha ya kitambulisho, halafu kamati inakaa. Mkopo wenyewe unazaliwa baadaye, na mara nyingine hauzaliwi kabisa. Mwezi huu chama kimeomba ripoti ya mikopo iliyotolewa, ikabidi nitafute klasi ya mkopo wa kweli, nikakuta jina limeshakaliwa.

Nikaamua `Mkopo` iwe `OmbiLaMkopo`, ili jina la `Mkopo` lipate mwenyewe. Nikafungua edita ya VS Code, Ctrl+Shift+H (tafuta na badilisha), juu nikaandika Mkopo, chini OmbiLaMkopo, nikabadilisha mafaili yote kwa mpigo. Jina la faili nikalibadili kwa mkono kwenye folda.

Nawaeleza yaliyofuata kwa mpangilio niliyoyaona.

Nilipokagua nikagundua folda ya majaribio nilikuwa nimeiacha nje, nikarudia kubadilisha kwenye mradi mzima. Jina jipya limebeba jina la zamani ndani yake. Nikapata `OmbiLaOmbiLaMkopo` kila mahali. Nikasafisha. Kwenye laptopu mambo yakaenda sawa, nikapandisha. Seva ikagoma: klasi haipatikani. Nilihangaika saa nzima hadi nikaona faili nililiita `OmbilaMkopo.php`, yenye "l" ndogo. Windows haikujali, Linux ikajali. Nikarekebisha, mfumo ukawaka.

Halafu zikaanza simu. Kiolezo cha SMS kilikuwa na sentensi "Mkopo wako umeidhinishwa". Watu wamepokea "OmbiLaMkopo wako umeidhinishwa". Mama mmoja alikwenda ofisini akitetemeka, akiamini ametapeliwa, kwa sababu sisi wenyewe tumekuwa tukiwaambia wanachama kwamba meseji yenye maandishi ya ajabu ajabu ni ya matapeli. Hilo limeniuma kuliko yote.

Na la mwisho ndilo ambalo bado sijalitatua. Maombi yote ya zamani sasa yanaonyesha "Hakuna kiambatisho". Kwenye logi hakuna kosa lolote. Picha za vitambulisho zipo kwenye diski, nimeziona kwa macho. Mistari ya jedwali la `viambatisho` ipo pia. Lakini ukurasa ni mtupu, na afisa mikopo amesimamisha kazi hadi zirudi, na ana haki.

Naomba msaada wa mambo mawili: viambatisho vimekwenda wapi, na ninyi mnabadilije majina ya mafaili na klasi bila kubomoa. Bado nina klasi nyingine tatu zenye majina ya uongo.

#2 binti_seva

Pole sana ndugu. Viambatisho havijaenda popote. Fungua databesi, andika hii:

`SELECT DISTINCT mhusika_type FROM viambatisho;`

(Kolamu yako huenda ina jina jingine, tafuta inayoishia na `_type`.) Nina hakika utakuta `App\Models\Mkopo`. Kiambatisho kinapoweza kuwa cha ombi, cha mwanachama au cha mdhamini, Laravel huandika kwenye kila mstari jina zima la klasi ya mwenye nacho. Sasa klasi yako mpya ikiomba viambatisho vyake, swali linaloenda kwenye databesi ni "nipe mistari ambayo mwenye nayo ni `App\Models\OmbiLaMkopo`". Hakuna hata mmoja. Databesi inajibu kwa ukweli kabisa: sifuri. Ndiyo maana hukuona kosa, kwa sababu jibu la sifuri ni jibu halali.

Kabla ya kugusa chochote, chukua nakala ya databesi kwa `mysqldump`, uihamishie nje ya seva hiyo.

Na sikiliza hili kwa makini kuliko mengine yote: usiunde klasi mpya ya `Mkopo` kwanza. Umesema unataka jina hilo lipate mwenyewe. Ukiliunda leo, ile mistari ya zamani itapata mwenyewe kweli, lakini asiye wake. Kitambulisho cha aliyeomba kwenye ombi namba 17 kitatokea chini ya mkopo namba 17, ambao ni wa mtu mwingine. Hapo hutapata ukurasa mtupu wa kukushtua. Utapata picha ya mtu halisi mahali pasipo pake, na huenda ikapita miezi kabla afisa hajagundua.

#3 Kaskazi

Dada hapo juu ameshika penyewe. Mimi niongezee upande wa edita.

"Tafuta na badilisha" inabadili herufi. Haijui klasi ni nini. Ukiiambia ibadilishe Juma kuwa Hamisi, hata Jumamosi itageuka Hamisimosi, na yenyewe itakuwa imetii ulichosema. Kuna amri nyingine kabisa, ya kubadili jina kwa maana: unaweka kishale juu ya jina la klasi, unabonyeza F2 kwenye VS Code, Shift+F6 kwenye IntelliJ, PhpStorm na Android Studio, Alt+Shift+R kwenye Eclipse, au Ctrl+R mara mbili kwenye Visual Studio. Edita inauliza: jina hili limetangazwa wapi, na nani anamrejelea huyuhuyu? Inabadili hao tu. Sentensi ya SMS isingeguswa.

Wazo hili si la jana. William Opdyke aliliandikia tasnifu yake Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1992, na chombo cha kwanza cha maana kilijengwa hukohuko kwa ajili ya Smalltalk. Kilichonishika katika kazi ile ni kwamba kila badiliko lina masharti ya kutimizwa *kabla*. Kwa kubadili jina, sharti mojawapo ni kwamba jina jipya lisiwe limeshatumika mahali litakapogongana. Edita nzuri hukukagulia hilo. "Badilisha zote" haikagui kitu.

Ila msiiamini kupita kiasi. Kwenye Java, C# au Kotlin, kompaila (programu inayotafsiri kodi) inajua kila kitu ni aina gani, kwa hiyo edita inaona karibu kila rejeo lililo ndani ya kodi. Kwenye PHP, Python na JavaScript kuna mahali inabidi ikisie. Na VS Code yenyewe haina akili ya kila lugha: tangu 2016 kuna itifaki ya pamoja, LSP, ambayo edita huitumia kuzungumza na programu ya pembeni inayoijua lugha husika. Kama huna programu hiyo, au yako haina uwezo wa kubadili jina, F2 haitakusaidia. Kwa PHP, ukitumia kiendelezi cha Intelephense, kubadili majina kumo kwenye sehemu ya kulipia. Wengi hawajui, wanabonyeza F2, hakitokei kitu, wanarudi kwenye Ctrl+Shift+H. Nadhani na wewe mkuu ulipitia njia hiyo.

#4 msukakodi

Kaskazi, umesema kweli tupu. Nilibonyeza F2, haikunipa kitu, nikaona isiwe tabu.

Binti_seva, nimeendesha ile amri. `App\Models\Mkopo`, kama ulivyosema. Nimechukua nakala ya databesi. Kisha nikaandika:

`UPDATE viambatisho SET mhusika_type = 'App\Models\OmbiLaMkopo' WHERE mhusika_type = 'App\Models\Mkopo';`

Ikajibu: mistari 0 imeathirika. Sasa sielewi, wakati nimeviona vipo.

#5 binti_seva

Ni huo mkwaju wa kinyume. Ndani ya nukuu, MySQL huchukulia `\` kuwa alama ya kuanzisha herufi maalumu, kwa hiyo `'App\Models\Mkopo'` inasomwa `AppModelsMkopo`. Hakuna mstari wenye maandishi hayo. Andika mara mbili: `'App\\Models\\Mkopo'`. Na shukuru ulikosea pande zote mbili kwa mpigo. Ungepatia upande wa `WHERE` peke yake, ungejaza kolamu nzima na `AppModelsOmbiLaMkopo`.

Ila mimi nisingeandika jina la klasi tena humo. Toa kodi nje ya databesi mara moja tu, usirudie safari hii. Kwenye `AppServiceProvider`, ndani ya `boot`:

`Relation::enforceMorphMap([`
`  'ombi' => OmbiLaMkopo::class,`
`  'mwanachama' => Mwanachama::class,`
`  'mdhamini' => Mdhamini::class,`
`]);`

Halafu kwenye databesi, `App\\Models\\Mkopo` iwe `ombi`, na nyingine hivyohivyo. Kuanzia hapo klasi unaweza kuiita utakavyo, kwenye jedwali litabaki neno `ombi`. Na ukisahau kuorodhesha klasi fulani, Laravel itapiga kelele badala ya kukupa ukurasa mtupu. Fanya mabadiliko ya databesi kwa faili la uhamishaji (migration, mabadiliko yaliyoandikwa kama kodi), siyo kwa mkono, ili laptopu na seva zifanane.

#6 mzee_wa_git

Wanajamvi, salaam. Nina neno kuhusu mafaili, kwa kuwa wengi wanadhani Git (programu ya kutunza historia ya kodi) inakumbuka kwamba faili limebadilishwa jina. Haikumbuki. Haihifadhi popote taarifa kwamba hili lilikuwa lile. Kila unapoiuliza historia, inalinganisha faili lililofutwa na lililozaliwa, na yakifanana kwa asilimia 50 au zaidi inasema: hili ndilo lile. Asilimia hiyo ndiyo chaguo-msingi yake.

Maana yake kwa vitendo: kubadili jina kuwe komiti (hatua moja inayohifadhiwa kwenye historia) yake peke yake. Badili jina la faili, badili jina la klasi na marejeo, basi, komiti. Usipange upya mistari, usiongeze kazi mpya, usirekebishe nafasi. Ukichanganya, faili linaweza kushuka chini ya nusu, na Git itaona faili moja limekufa na jingine limezaliwa. `git log --follow` itaishia siku hiyo. Kibaya zaidi, mwenzako aliyekuwa anahariri faili la zamani kwenye tawi lake, akija kuunganisha atagongana na faili ambalo kwako halipo tena. Likitambulika, mabadiliko yake hufuata jina jipya yenyewe.

Sasa lile la "l" ndogo. Kwenye Windows na Mac, kwa mpangilio wa kawaida, `OmbilaMkopo.php` na `OmbiLaMkopo.php` ni faili moja. Ukibadili ukubwa wa herufi kwa mkono, Git huko huenda isione badiliko lolote, na seva itaendelea kupokea jina la zamani hata kama kwako linaonekana jipya. Pitia jina la kati:

`git mv app/Models/OmbilaMkopo.php app/Models/Muda.php`
`git mv app/Models/Muda.php app/Models/OmbiLaMkopo.php`

Kabla ya kupandisha, endesha `composer dump-autoload -o`. Hiyo hupitia klasi zote na kukutajia kila moja ambayo jina lake halilingani na faili au folda ilimo, na hufanya hivyo hata ukiwa kwenye Windows. Saa yako moja ya kuhangaika ingekuwa sekunde chache.

#7 pwani_dev

Mimi nitakuwa tofauti kidogo, mnisamehe. Mfumo unafanya kazi, watu wanapata huduma, wewe unakwenda kubadili jina ili likupendeze. Miaka yote mimi nikikuta klasi ina jina bovu naandika maelezo juu yake, "hii ni maombi, siyo mikopo", naendelea. Hakuna mama aliyewahi kuogopa meseji kwa sababu ya maelezo.

#8 msukakodi

Pwani_dev, nimekuelewa, na kwa wiki hii una hoja nzito. Lakini nikueleze kwa nini nilifika hapo. Mwaka jana alikuja kijana kunisaidia. Nikamwambia atengeneze jumla ya mikopo kwa kila mwanachama. Akachukua klasi ya `Mkopo`, akajumlisha, akanipa. Namba zikasomwa kwenye kikao. Alikuwa amejumlisha maombi, pamoja na yaliyokataliwa. Yule kijana hakukosea; aliamini jina nililompa. Maelezo yalikuwepo juu ya klasi, kwa herufi kubwa. Alisoma jina, hakusoma maelezo, na mimi pia ningefanya hivyohivyo.

Jina likidanganya, watu watadanganyika. Nilichokosea ni njia.

#9 pwani_dev

Hapo umenipa sababu ya kweli. Nakubali. Ila basi tenganisha: badili kodi, lakini majedwali na kolamu ziache kwanza zilivyo. Laravel hubuni jina la jedwali kutokana na jina la klasi, tena kwa wingi wa Kiingereza. `Mkopo` wako inamtafutia jedwali la `mkopos`, na `OmbiLaMkopo` itatafuta `ombi_la_mkopos`. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili karibu wote tumeshaweka `protected $table = 'mikopo';` kwa sababu hiyo. Mstari huo usiuondoe. Na usisahau uhusiano wa `hasMany` (mmoja mwenye vingi): ufunguo wake nao hubuniwa kutokana na klasi, kwa hiyo jana ilikuwa `mkopo_id`, leo inatafuta `ombi_la_mkopo_id`. Uandike wazi kwenye uhusiano wenyewe. Hii angalau hupiga kelele, utaona kosa la kolamu.

#10 msukakodi

Kweli, hilo la `ombi_la_mkopo_id` lilinipiga kwenye laptopu, nikaliandika wazi. Jedwali lilikuwa na `$table` tayari.

#11 droid_nbo

Sasa nyinyi wa seva mna bahati moja: databesi mnayo mkononi. Sisi wa Android databesi ziko kwenye simu za watu, Kisumu hadi Lamu, na hatuwezi kuzifikia.

Room, maktaba ya databesi ya Android, usipotaja jina la jedwali, hutumia jina la klasi. Ukibadili klasi kwa Shift+F6, Android Studio inakufanyia kazi safi kabisa, programu inajengeka, unaiweka kwenye simu mpya inafunguka. Kwenye simu yenye toleo la zamani inaanguka inapofungua databesi, kwa kuwa umbo halilingani na lile inalolikumbuka. Na aliyeweka `fallbackToDestructiveMigration` akipandisha namba ya toleo bila kuandika uhamishaji, haianguki: inafuta majedwali na kuanza upya. Data aliyoingiza mtu bila mtandao imekwenda. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kufikiria kubadili jina, andika `@Entity(tableName = "maombi")`. Vivyo hivyo kwa Gson, inayogeuza data kuwa JSON na kuirudisha: kila uga uwe na `@SerializedName`, ili jina la ndani lisiwe ndilo mkataba na seva.

Lililonishika mimi mwenyewe ni WorkManager, inayopanga kazi za nyuma. Kazi ikipangwa, jina zima la klasi huhifadhiwa kwenye databesi yake ndani ya simu. Nilihamisha klasi ya kutuma usomaji wa mita kutoka folda moja kwenda nyingine, tu. Jina fupi halikubadilika. Waliopata toleo jipya, kazi zilizokuwa zinasubiri mtandao hazikuundika tena, kwa sababu anwani ya zamani haikuwa na mtu. Niligundua kwa sababu usomaji wa vijiji viwili haukufika. Nilirudisha klasi tupu yenye jina la zamani inayorithi ile mpya, kazi zilizobaki zikatoka. Iko hadi leo, na juu yake nimeandika kwa nini isifutwe.

Kingine ni kanuni za R8, chombo kinachopunguza kodi na kufupisha majina kwenye toleo la dukani. Ukitaja klasi kwa jina kwenye `-keep` halafu ukaibadili, kanuni haitoi kosa, inakaa pale bila kumlinda yeyote. Toleo la majaribio linafanya kazi, toleo la dukani linaanguka. Na shughuli inayofungua programu, ile ikoni ya nyumbani, ukiibadili jina baadhi ya watu watakuta ikoni yao imepotea kwenye skrini. Weka `activity-alias` yenye jina la zamani. `applicationId` usiiguse kabisa ukishachapisha: kwa Google Play hiyo ni programu nyingine.

#12 chatu_wa_dom

Django (kiunzi cha Python) kwa ufupi. Ukibadili jina la modeli na kuendesha `makemigrations`, itakuuliza kama modeli fulani imebadilishwa jina kuwa fulani, na mwishoni kuna `[y/N]`. Hiyo N kubwa maana yake ukibonyeza Enter tu umejibu hapana, na itaandika kufuta jedwali la zamani na kuunda jipya tupu. Na ukibadili jina na uga kadhaa kwa pamoja, huenda isikuulize kabisa, kwa kuwa haioni tena kufanana. Jina kwanza, peke yake, kisha fungua faili la uhamishaji ulisome: uone `RenameModel`, usione `DeleteModel`.

#13 jenga_michezo

Wa Unity (injini ya kutengenezea michezo), mstari mmoja: badilisha jina la skripti ndani ya Unity yenyewe, au hakikisha faili lake la `.meta` linahama nalo, kwa sababu kitambulisho kinachounganisha skripti na vitu kwenye mandhari kimo humo. Ukiacha `.meta` nyuma, kila kitu kitaonyesha skripti imepotea. Uga zilizojazwa kwenye inspekta, tumia `FormerlySerializedAs`.

#14 binti_seva

Msukakodi, kabla hujapandisha tena: una foleni ya SMS? Kazi zinazosubiri kwenye foleni nazo zimebeba jina la klasi ndani yake. Zilizowekwa kabla ya badiliko zitashindwa baada yake. Zima uwekaji wa mpya, iache foleni iishe, ndipo upandishe. Kisha `php artisan queue:restart`, maana wale wafanyakazi wa nyuma hushikilia kodi ya zamani kwenye kumbukumbu hadi uwaanzishe upya.

Na utafute mabaki. `git grep -n -w Mkopo` itakupa neno likiwa peke yake, halitanasa `OmbiLaMkopo`. Kisha bila `-w` na kwa `-i`, usome kwa macho: `MkopoController`, `mkopo_id`, violezo vya Blade (kurasa za Laravel), njia zilizoandikwa kwa maandishi. `.env` (faili la mipangilio) haimo kwenye Git, ifungue kivyake.

#15 msukakodi

Mrejesho, wakuu.

Nimefuta kazi yote ya Ctrl+Shift+H, nikarudi komiti ya kabla ya balaa, na nimeanza upya kwenye tawi jipya. Rafiki yangu ana PhpStorm, nimekaa kwake. Shift+F6 ilinionyesha kwanza orodha ya kila mahali itakapogusa, na kile kiolezo cha SMS kilikuwa kwenye kundi la pembeni, la maandishi tu. Nikakiondoa kwenye orodha kwa mkono wangu. Kukiona pale, kikisubiri niseme ndiyo au hapana, nilikaa kimya kidogo.

Komiti ya kwanza: jina tu, Git imeitambua kuwa ni kubadili jina. Ya pili: `enforceMorphMap` na faili la uhamishaji, mikwaju miwili miwili. Ya tatu: jaribio linalofungua ombi la zamani na kudai kiambatisho kiwepo, kwa sababu majaribio yangu yote yalikuwa yanaunda maombi mapya na ndiyo maana hayakuona chochote. Nimeijaribu kwanza kwenye nakala ya databesi, kwenye Linux. Foleni nimeiacha iishe usiku, nikapandisha saa kumi na moja alfajiri.

Afisa mikopo amenipigia saa mbili na nusu: vitambulisho vyote vya waombaji anaviona. Kwa wanachama tumetuma meseji ya kuomba radhi, na yule mama nimekwenda mwenyewe kumweleza. Alinisikiliza, akaniuliza kama mkopo wake upo. Nikamwonyesha kwenye simu.

#16 pwani_dev

Hongera sana. Na `Mkopo` mpya umeuunda?

#17 msukakodi

Bado. Nimetafuta neno hilo kwenye kila kolamu inayoishia na `_type` na kwenye jedwali la kazi zilizoshindwa. Nimekuta kazi mbili za zamani bado zinaitaja. Nikishazishughulikia, Jumatatu naunda.

#18 binti_seva

Zitazame hizo mbili ni za nani kabla hujazifuta. Huenda kuna watu wawili hawajapata meseji yao.

#19 msukakodi

Umesema kweli. Moja ni ya mwanachama aliyeidhinishwa siku ileile na hakuambiwa. Nampigia sasa hivi.